Ndani ya Bodi Hakuna Kutu: Kisa cha Fuso Tipa kwa Kipimo cha 1 kwa 24

Aliyenipa kazi hii ya kutengeneza tipa la mfano ni dada mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi Tegeta. Baba yake aliendesha Fuso tipa miaka ishirini na ushei, akibeba mchanga wa Mto Mpiji na kokoto za Lugoba kupeleka saiti za Mbezi, Kunduchi na Bunju. Mgongo ulipomkatalia usukani, gari likauzwa. Dada akaniletea picha mbili za karatasi, akaniambia: "Kaka, nataka gari lenyewe la baba. Sitaki jipya. Liwe vilevile lilivyokuwa likirudi jioni."

Picha ya kwanza ilionyesha gari ubavu wa kushoto, linaoshwa, kebini nyeupe na bodi ya buluu. Ya pili ilipigwa kwa nyuma: bodi imenyanyuliwa, mlango wa nyuma unaning'inia, mchanga unamwagika, na vumbi limeficha nusu ya kila kitu. Hizo mbili tu ndizo nilizopewa.

Nimetengeneza magari ya mfano kwa miaka kadhaa sasa, mengi yakiwa mabasi na malori. Kisa hiki nakiandika kwa urefu kwa sababu gari hili nililichakaza, yaani nililipa sura ya kuchakaa kwa rangi na vumbi, mara mbili. Mara ya kwanza kila aliyeliona alilisifu, na mimi niliamini sifa zile. Aliyeliona tofauti ni mmoja, na ndiye pekee aliyewahi kulala chini ya gari lile kulikaza boliti.

Kupima gari lisilokuwepo

Ukisema Fuso hapa Dar, mtu anaelewa ukubwa wa gari kabla hajafikiria kampuni. Jina hilo Wajapani walianza kulitumia kwenye basi la B46 mwaka 1932. Fighter, lile umbo la kebini tulilolizoea kwenye saiti, lilianza kutoka kiwandani mwaka 1984. Mengi yanafika kwetu yakiwa yameshafanya kazi Japani. Mengine yanashuka bandarini yakiwa tipa tayari, mengine yanaingia gereji, bodi ya mizigo inavuliwa na bodi ya tipa inachomelewa mahali pake.

Gari la kuunganisha la aina hii sikulipata. Italeri ya Italia imetoa vichwa vya Scania na Volvo kwa kipimo cha 1 kwa 24, vizuri sana, lakini ni magari ya barabara kuu za Ulaya. Tipa ya mchanga ya Mpiji ilibidi niijenge mwenyewe kuanzia sifuri. Nikachukua futi, daftari na simu, nikaenda kijiwe cha tipa kando ya Barabara ya Bagamoyo. Niliwaeleza madereva shida yangu, na walinisaidia kuliko nilivyotegemea. Mmoja alinishikia futi. Mwingine aliwasha gari na kunyanyua bodi ili nione chesisi vizuri, akaniwekea gogo la usalama kabla hajaniruhusu kuingiza kichwa chini.

Bodi niliyoipima ilikuwa na urefu wa mita 3.6, upana wa mita 2.1 na kina cha sentimita 60. Huo ni ujazo wa mita za ujazo 4.5. Mchanga wenye unyevu ukiwa na uzito wa tani 1.6 hivi kwa mita ya ujazo, mzigo wake ni tani 7 na kidogo, na ndivyo wanavyouza tripu. Ukigawa vipimo hivyo kwa 24 unapata milimita 150, milimita 87.5 na milimita 25. Tairi zilikuwa za 9.00-20, kipenyo chake karibu mita 1.02, yaani milimita 42 kwenye modeli. Rimu ya inchi 20 inakuwa milimita 21. Kwa fundi aliyezoea futi na inchi, kipimo hiki kinafanya hesabu kuwa nyepesi: nusu inchi ya modeli ni futi moja ya gari.

Ujenzi

Chesisi niliikata kutoka kwenye kadi za benki zilizokwisha muda. Kadi hizo zina unene wa milimita 0.76 dunia nzima, ni plastiki ngumu inayokatika vizuri kwa kisu ukiikwaruza mara tatu nne kisha ukaivunja. Kwa bodi nilitumia bati la kopo la soda. Ubavu wa kopo ni kama milimita 0.1, na ukizidisha kwa 24 unapata milimita 2.4, karibu kabisa na bati analochomelea fundi wa bodi. Bati hilo linapinda na kubonyea kama bati la kweli: ukiligonga kwa ndani kwa ncha ya penseli, kwa nje linatoa uvimbe uleule unaouona kwenye tipa iliyopigwa na mawe. Wakati huo sikujua kwamba uamuzi huu mdogo ndio ungekuja kuniokoa.

Kebini ilinila siku kumi na moja. Niliunda sanduku la kadi tabaka mbili, nikaliviringisha kona kwa puti ya gari, kisha msasa namba 240, 400, na 800 kwa maji. Sina la zaidi la kusema juu ya kebini. Puti na msasa ni subira, basi.

Tairi nilizifurahia zaidi. Watoto wa kizazi changu tulitengeneza magari ya waya na makopo, na magurudumu tukayakata kwenye ndala zilizokatika. Nikarudi hukohuko. Nilitafuta ndala ya mpira mzito, maana ile nyepesi yenye vitundu haikubali msasa. Nikanoa mdomo wa kipande cha bomba la chuma, nikakata viduara sita. Kila kimoja nilikipitishia boliti katikati, nikakifunga kwenye drili, nikakizungusha juu ya msasa mpaka kikafika milimita 42 na mabega yakawa ya mviringo. Meno ya tairi nilichonga kwa wembe, moja baada ya jingine. Rimu ni vifuniko vya aluminiamu vya chupa za dawa za mifugo nilizopewa na jirani mfuga ng'ombe: kifuniko kina upana wa milimita 20, na bega lake limekunjwa kama rimu ya kweli.

Jeki ya kunyanyulia bodi niliitengeneza kwa spoki ya baiskeli. Spoki ina unene wa milimita 2, kwa hiyo inasimama badala ya chuma cha milimita 48, na mng'ao wake haukuhitaji rangi. Springi za nyuma nilikata mabamba saba kwa kila upande, nikayapanga moja juu ya jingine, yamelala sawa. Kulala sawa huko kulikuwa kosa langu la kwanza, na sikuliona.

Uchakazaji wa kwanza

Mbinu ya kuchakaza modeli haikuanza na malori ya mchanga. Kupaka rangi nyembamba ijikusanye kwenye mashimo, na kusugua brashi kavu kwenye kingo, ni mambo yaliyoenezwa sana miaka ya 1970 na 1980 na watu kama Shep Paine wa Marekani na François Verlinden wa Ubelgiji, waliojulikana zaidi kwa askari na zana za vita. Baadaye ikaja mbinu ya spreya ya nywele, nayo kwa gari kama hili haina mpinzani. Unapaka rangi ya kutu kwanza. Ikikauka unapulizia spreya ya nywele, ileile ya saluni. Juu yake unapaka rangi ya akriliki ya gari, tabaka jembamba. Ikishakauka kugusika, kabla haijapita saa moja, unalowanisha kwa maji ya uvuguvugu na kuchokoa kwa brashi ngumu. Maji yanayeyusha spreya, rangi ya juu inabanduka vipande vipande, na kutu ya chini inachungulia. Ukiiacha mpaka kesho yake, inashika na kubanduka kwa shida.

Kanuni ya kushika ni moja: tabaka moja lisiyeyushwe na kimiminika cha tabaka linalofuata. Praima yangu ni ya gari na inayeyuka kwa tina. Juu yake ni akriliki inayotumia maji. Juu ya akriliki napaka rangi ya enameli, ileile ya mng'ao wanayotumia wachoraji wa Tingatinga, nikiwa nimeizimua kwa tapentaini mpaka iwe kama chai ya rangi. Tapentaini haigusi akriliki iliyokauka, kwa hiyo nikikosea nafuta na kurudia bila kuharibu kilicho chini. Mwisho kabisa ni unga mkavu. Unga wa kutu sikuagiza nje. Ile oksaidi nyekundu ya kutia rangi sakafu ya saruji ni kutu kabisa, ni oksaidi ya chuma, na nusu kilo inatosha magari mia. Ni unga mwembamba, kwa hiyo barakoa ni lazima.

Basi nikafanya yote hayo. Ndani ya bodi niliweka kutu nzito, nyekundu kwa chini, kahawia kwenye kona, na michirizi kutoka juu. Ubavuni nikachokoa buluu mpaka kutu ikatokea kama vidonda. Bampa nililila, madigadi nikayala. Picha nilizokuwa nazitazama wakati nikifanya kazi zilikuwa za modeli za malori yaliyotelekezwa mashambani, na ni kweli ni picha za kupendeza. Dada alipokuja kuliona alishika mdomo. Tukapanga siku ya kumpelekea mzee.

Barazani kwa mzee

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Tulilitoa kwenye boksi tukaliweka kwenye mkeka. Mzee akalitazama kimya. Kebini hakuijali. Aliinama taratibu kwa sababu ya mgongo, akaingiza kidole ndani ya bodi, akakipitisha kutoka mbele kwenda nyuma, kisha akakitazama kidole chake.

"Hili limepaki muda gani?"

Sikumwelewa. Nikamwambia ni gari lake, kama dada alivyonielekeza.

"Naona ni Fuso. Lakini gari lenye kutu hii ndani limekaa juani mwaka mzima halifanyi kazi. Mwanangu, bodi inayobeba mchanga haina kutu ndani. Mchanga ni msasa. Mimi nilikuwa napiga tripu nne mpaka tano kwa siku. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi utaikuta bodi rangi ya chungwa, laini kama unga, ukipitisha kidole inatoka. Tripu ya kwanza inaondoka nayo. Saa nne ukichungulia ndani, unaona uso wako."

Akaligeuza kidogo.

"Na huku nyuma mbona limekaa? Bodi tupu, springi zimelala. Limebeba nini?"

Dada alitaka kunitetea, akasema baba, kaka amefanya kazi kubwa. Mzee akasema anaona, mikono ni mizuri, na ndiyo maana anasema. Nikatoa daftari. Nilikaa pale mpaka adhuhuri, na nina hakika saa zile zilikuwa na thamani kuliko wiki zote za kadi na puti. Nilipomuuliza jambo alijibu kwa mwili: nikiuliza mlango, mkono unakwenda kwenye kitasa ambacho hakipo, akieleza kurudi nyuma, shingo inageuka kulia. Kiwiko chake cha kulia muda wote kilikuwa kimelala kwenye ukingo wa kiti, kimetoka nje kidogo, kama bado kuna dirisha.

Kwa nini alikuwa sahihi

Nikiwa njiani kurudi nilijaribu kupanga alichosema. Kutu inahitaji chuma, maji na hewa, na hayo nilikuwa nayajua. Nilichokuwa nakisahau ni kwamba inahitaji pia kuachwa ikae. Mahali panaposuguliwa kila siku kutu inazaliwa usiku na kufa asubuhi. Pasipogusana na kitu ndipo inapokomaa: nyuma ya mbavu za bodi, chini ya ukingo ambapo mchanga mbichi unanasa na kukaa na unyevu wake, chini ya mlango wa kebini ambapo matundu ya kutolea maji yameziba, na kwenye mishono ya kuchomelea ambapo rangi haikushika vizuri tangu mwanzo. Kwa gari linaloshinda Kunduchi na Mbezi, karibu na bahari, chumvi ya hewani inaharakisha yote hayo. Kwa hiyo kutu ipo, tena ya kutosha. Mimi niliiweka mahali ambapo kazi haiiruhusu.

Gari lililotelekezwa linachakaa kwa mvua na jua, kila upande kwa kiasi chake, kutoka juu kwenda chini. Gari la kazi linachakaa kwa mikono, miguu, mzigo na barabara. Kila alama ina mtu au kitu kilichoiweka. Tangu siku hiyo siweki alama yoyote kwenye modeli mpaka niweze kusema ni nini kiligusa pale, na mara ngapi.

Chukua pande mbili za gari. Mimi nilizichafua sawasawa, kama mtu anayepaka siagi. Lakini sisi tunaendesha kushoto, na tipa ikipishana na basi kwenye njia nyembamba, tairi za kushoto ndizo zinazoshuka kwenye udongo mwekundu wa pembeni. Mzee alisema tope lake siku zote lilikuwa zito upande wa utingo. Upande wa dereva ulikuwa na alama nyingine: ukingo wa dirisha ulikwisha rangi mpaka bati, upana wa kiwiko, na chini yake weusi wa jasho na grisi. Kipandio cha upande huo kilikuwa kimelika katikati kwa buti. Kipandio cha utingo kilikuwa kimelika zaidi, maana utingo anashuka na kupanda mara nyingi kuliko dereva: kuelekeza gari, kufungua pini za mlango wa nyuma, kusukuma kwa koleo mchanga uliogoma kushuka.

Kisha rangi. Nilikuwa nimechokoa buluu na moja kwa moja nikaonyesha kutu. Mzee aliniambia bodi ilikuwa ya kijani alipoichukua, akaipiga buluu baada ya kuongeza bati ubavuni. Jeraha halisi la ubavu ule basi lina pete: buluu, halafu ukingo mwembamba wa kijani, halafu wekundu wa praima, na katikati chuma. Chuma hicho kinang'aa kama jeraha ni la leo, na kahawia kama ni la mwaka jana. Hilo la pete lilinigusa sana, kwa sababu ukilitazama jeraha moja la milimita mbili unasoma gari limepita mikononi mwa nani.

Kurudia

Nilianza na bodi. Nilidhani nitalazimika kuijenga upya, lakini nilipopitisha msasa namba 400 juu ya ile kutu, bati la kopo likatokea. Chuma nilichokuwa nakitafuta kilikuwa pale chini tangu mwanzo. Nikasugua nikielekea upande mmoja tu, mbele kwenda nyuma, kwa sababu mchanga unashuka hivyo na mikwaruzo yake inalala hivyo. Mbele ya bodi, karibu na kebini, mikwaruzo ni michache. Karibu na mlango wa nyuma, ambapo mzigo wote unapita, bati limekuwa laini kabisa.

Shida ya aluminiamu ni weupe wake. Chuma cha kweli kina kiza fulani. Niliisaga risasi ya penseli ya 6B kwa msasa, nikapaka unga wake kwa kidole mpaka weupe ukapoa na mng'ao ukabaki. Halafu ile kutu ya usiku mmoja: oksaidi kidogo kwenye maji yenye tone la sabuni, nikaigusisha kwenye kona nne na kwenye mstari wa mshono tu, na nikaifuta kwa kitambaa kikavu kutoka mbele kwenda nyuma. Iliyobaki ni kivuli cha chungwa ambacho huwezi kukiona mpaka uinamishe gari kwenye mwanga. Dada aliposema anataka gari linavyorudi jioni, jibu lilikuwa hilo: bodi iliyosuguliwa na tripu nne, kona zimebaki na masalia ya mchanga, mng'ao umefifia kidogo kwa vumbi la njiani.

Mchanga wenyewe ulinifundisha jambo. Nilinyunyiza mchanga wa kweli kwenye kona, ukaonekana mawe. Hesabu iko wazi: punje ya nusu milimita mara 24 ni milimita 12, yaani kokoto ya nusu inchi. Mchanga wa kipimo hiki ni vumbi lililopita kwenye soksi nyembamba ya kike. Na kokoto ya Lugoba ni huo mchanga mkubwa wa mtoni, nikautia rangi ya kijivu, nikabandika punje nne tu kati ya tairi za nyuma zinazokaa mbili mbili, kwa sababu ndipo zinaponasa.

Springi nilizivunja na kuzirudia. Gari tupu linanyanyuka nyuma, mabamba yamejikunja kama upinde. Nilipinda kila bamba juu ya kijiti cha mviringo, nikaongeza milimita 3 za kimo nyuma. Gari zima likabadilika sura. Sikuwa nimebadilisha rangi ya kebini hata tone, lakini sasa lilikuwa linarudi kutoka mahali.

Kwa ubavu niliweka tabaka tatu badala ya moja. Wekundu wa praima, spreya ya nywele, kijani, spreya tena, buluu. Nilichokoa kwa kijiti cha meno kilichotafunwa ncha, si brashi, ili niwe na amri juu ya kila jeraha. Mengi yanaishia kwenye kijani. Machache yanafika kwenye wekundu. Matatu tu yanafika chini, na yote matatu yako nyuma kushoto, usawa wa ndoo ya kijiko cha kupakilia.

Vumbi la chini nililipaka kwa awamu. Udongo mwekundu uliochujwa, umechanganywa na tapentaini, unakwenda kwenye madigadi na nyuma ya tairi za mbele, mzito kushoto. Juu yake vumbi jeupe la mawe ya matumbawe la barabara za ndani za Kunduchi, kavu, kwa brashi laini. Vumbi jeupe linakaa juu ya jekundu kwa sababu saiti ndiyo ya mwisho kwa siku. Kwenye kioo nilikata vipande viwili vya karatasi vyenye umbo la njia ya wipa, nikavibandika, nikapuliza vumbi, nikavibandua. Kwenye mfuniko wa tangi nikaweka enameli nyeusi yenye mng'ao, mchirizi mmoja kwenda chini, na vumbi likashika pale zaidi kuliko pengine, kama dizeli inavyolishika. Spoki ya jeki niliiacha safi, ila pete ya grisi nyeusi pale inapoingia kwenye silinda.

Namba ya gari niliichapisha kwa herufi nyeusi kwenye karatasi nyeupe, maana namba za njano ni za magari binafsi. Nikaipiga vumbi mpaka herufi mbili zikafifia.

Mara ya pili

Tulirudi baada ya wiki tano. Safari hii mzee alikuwa ametoa kiti nje kwenye mwanga kabla hatujafika. Akaliweka gari mapajani. Kidole kikaingia kwenye bodi, mbele kwenda nyuma. Hakusema kitu. Akaliinamisha, mwanga ukaingia, akaona ile chungwa ya kona, akatoa sauti ndogo ya kooni.

Alikaa muda mrefu zaidi kwenye dirisha la kulia. Alama ya kiwiko pale ina urefu wa milimita 6. Aliigusa kwa ukucha.

Kisha akaliweka gari mezani, akatazama chini ya tairi, akamtazama binti yake, akanitazama mimi.

"Kigingi kiko wapi?"

Nikamuuliza kigingi gani.

"Handibreki ya gari lile sikuiamini hata siku moja. Likisimama, kigingi kwanza. Mbao ya mninga, hivi," akaonyesha kwa viganja, kama sentimita 15.

Nilikuwa na kisu mfukoni. Dada alileta kipande cha mninga kutoka mguu wa stuli iliyovunjika. Nikakata pale pale barazani kipande cha milimita 6, nikakichonga mshazari upande mmoja, nikakiweka nyuma ya tairi la kushoto. Mzee akakisogeza kwa kidole, polepole, akakizungusha nyuma ya gari mpaka kwenye tairi la kulia.

"Huku. Mimi ndiye nashuka nacho."